Heshima Nilipewa, Rafiki Nilimtafuta

Alhamisi moja ya Juni 2016, katika ukumbi wa shule ya sekondari mkoani Ubon Ratchathani, zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Bangkok, watoto walipita mbele ya walimu wao kwa magoti. Mikononi walishika vishada vya maua. Ilikuwa siku ya wai khru, sherehe ambamo wanafunzi wa Thailand huwaheshimu walimu kila mwaka. Kishada huwa na maua mekundu madogo yanayoitwa maua ya sindano, ili akili ya mtoto iwe na ncha, na huwa na majani ya ukoka, ili elimu yake isambae kama ukoka unavyotambaa. Msichana wa miaka kumi na mitatu aliinamisha kichwa mbele yangu, akaniwekea kishada mapajani. Mimi, binti wa Kilifi, pwani ya Kenya, mwalimu wa Kiingereza niliyekuwa na mwezi mmoja tu nchini humo, machozi yalinilenga.

Jioni ile nilirudi chumbani, nikachemsha tambi za pakiti, nikala peke yangu nikiutazama ukuta. Tangu asubuhi hakuna mtu mzima aliyenisemesha zaidi ya salamu.

Kwanza nilidhani ni rangi yangu. Sitaki kulifunika jambo hilo, kwa sababu lipo. Matangazo mengi ya kazi hutaka Mwingereza, Mmarekani au Mwaustralia, na mtu aliyesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne hulazimika kufanya mtihani ili kuthibitisha kuwa anakijua. Niliufanya, nikaufaulu. Kisha nikagundua kuwa kijana aliyekuja bila cheti chochote cha ualimu alilipwa kunishinda, kwa kuwa tu alizaliwa nchi fulani. Iliniuma, na ingali inaniuma.

Lakini si rangi iliyowafanya walimu wenzangu wageuze njia wanionapo. Hilo alinieleza mmoja wao, mwalimu wa hisabati, baada ya kuzoeana kwa muda mrefu. Aliniambia: "Tulikuwa tunakuogopa. Tukifungua mdomo, utasikia makosa yetu." Wathai wana neno kreng jai, yaani kumstahi mtu mpaka ukaogopa hata kumgusa kwa neno, usije ukamsumbua. Sisi Pwani tunaijua hali hiyo vizuri. Kumbe siku zote nilizodhani nimetengwa, nilikuwa nimestahiwa. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha vinywa vya watu, na hakuna anayependa kula meza moja na kalamu nyekundu.

Faraja yangu ya kwanza walikuwa wageni wenzangu. Jumamosi tulikutana mjini Ubon: Wafilipino, Waganda, Wakameruni, Waafrika Kusini wawili na mimi. Tulisukuma chapati juu ya meza ya kusomea, tukapika pilau kwa bizari niliyotumiwa na mama. Hao ndio walionionyesha njia ya ofisi ya uhamiaji, wakanieleza karatasi ipi hugongwa muhuri kabla ya ipi. Bila wao ningepanda ndege ya kurudi kabla ya Agosti, na sitamruhusu mtu awadharau mbele yangu. Ila mazungumzo yetu yalizunguka palepale kama ng'ombe wa kinu cha mafuta: viza, mishahara, na "hawa watu". Mmoja wetu alikuwa na miaka sita nchini, na sokoni bado alinunua nyanya kwa kunyoosha kidole. Nilipomtazama, niliona ninakoelekea.

Kilichonigeuza njia ni sauti ya mchi. Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili jioni, nimeshuka kwenye songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana kama matatu za zamani. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anatwanga papai bichi kwenye kinu cha udongo, pamoja na pilipili, ndimu na vitunguu saumu. Wao huiita som tam. Nilikuwa nimeipita meza yake kila siku. Siku hiyo nilisimama, kwa sababu nyuma yake niliona kitu cha kwetu: kigoda kifupi cha mbao, na mbele yake ulimi wa chuma wenye meno. Mbuzi ya kukunia nazi! Hata mkao wake ni uleule, unaikalia huku sinia likiwa chini.

Nilikionyesha, nikajionyesha mimi, nikafanya mikono kama ninayekuna. Alinitazama kidogo, akanipisha. Nikakaa, nikachukua kizio cha nazi, nikakuna kama bibi yangu alivyonifundisha, nikikizungusha ili nazi isichanganyike na ngozi nyeusi. Mama yule alipiga kelele ya furaha akaita majirani waje waone. Kisha akakipigapiga kile kigoda akasema: "Kratai." Nilikuja kujua baadaye kuwa maana yake ni sungura. Nikamjibu: "Mbuzi." Naye akajaribu: "Mmm-busi." Watu wa nchi mbili, wametazama chombo kimoja, mmoja akaona sungura na mwingine akaona mbuzi. Tulirudia maneno hayo mawili mpaka giza likaingia, na kwa mara ya kwanza tangu nifike sikuwa mwalimu wa mtu.

Nikawa ninakwenda kila jioni. Nilipewa kazi ya kuparuza papai, kisha ya kuosha sahani. Kula nilikula nao, na hapo pia mkono wangu haukuhitaji kufundishwa. Watu wa Isan, kama linavyoitwa eneo lile la kaskazini mashariki, hula wali wa kunata kutoka kwenye kikapu kidogo. Unamega tonge, unalifinyanga kwa vidole, unachovya. Ni sima ile ile kwa nafaka nyingine. Lugha ndiyo iliyonitesa. Kithai kina toni tano, na neno khao kwa masikio yangu lilikuwa moja tu, kumbe likishuka ni wali, likipanda ni nyeupe, likiwa chini ni habari. Wateja walinisahihisha hadharani, wazee kwa watoto, na sikukasirika. Nilisema vibaya kila siku, kwa sauti.

Yule mama ndiye aliyenifunulia kuwa hata Kithai cha shule si lugha yake ya nyumbani. Nyumbani huongea Kiisan, kinachofanana na Kilao cha ng'ambo ya mto Mekong. Chakula kitamu, vitabuni husemwa aroi; mezani pake husemwa saep. Nikamweleza kwamba mimi nyumbani ni Kigiriama, sokoni Kiswahili, darasani Kiingereza. Akaitikia kwa kichwa bila mshangao wowote. Siku niliyosema "saep" bila kufikiri, mzee mmoja aliyekuwa hajawahi kunisalimu alinisogezea sahani ya samaki wake.

Habari zilifika shuleni kwamba mwalimu wa Kiingereza anavunja Kithai kwenye kibanda cha som tam. Basi walimu nao wakaanza kuvunja Kiingereza mbele yangu. Mwalimu wa hisabati alianza kwa sentensi tatu. Aliponialika kwao aliandika saa kwenye karatasi, song thum, akijiandaa kunifafanulia. Sikuhitaji ufafanuzi: song ni mbili, na song thum ni saa mbili usiku, kama sisi tunavyohesabu tangu jua lizame. Walimu wenzangu Wazungu walikuwa wakilalamika kuwa saa za Kithai haziingii akilini. Kwangu ilikuwa kama kusikia jina langu.

Tarehe 13 Oktoba mwaka ule Mfalme Bhumibol alifariki, baada ya kutawala miaka 70. Shule ilikuwa likizo, wageni wengi wamekwenda visiwani kupumzika, nami sikuwa na nauli. Asubuhi iliyofuata nilikuta kibanda kimefungwa. Mama amekaa kibarazani na redio, macho yamevimba. Sikujua kwa Kithai neno lolote linalotosha. Lakini kwetu anayekwenda matangani hadaiwi maneno, anadaiwa kukaa. Nikakaa. Majirani walikuja, wengine na sufuria za rangi nyeusi, maana nguo nyeusi ziliadimika madukani na watu walikuwa wakitia rangi nguo zao wenyewe. Nilichochea kuni, nikachovya mashati ya watu nisiowajua, nikayaanika. Vidole vyangu vilibaki vyeusi siku kadhaa.

Wathai huitana kwa majina ya udugu hata wasipojuana, kama sisi tunavyomwita dereva kaka na muuza mboga mama. Aliyekupita umri kidogo ni phi, uliyempita wewe ni nong, na mama wa rika la yule wa kibandani ni pa, shangazi mkubwa. Mimi nilimwita Pa tangu mwanzo. Yeye mpaka siku hiyo aliniita khru, mwalimu. Jioni, aliponiletea bakuli la wali, aliniita luk. Mwanangu.

Nilikaa Ubon hadi Machi 2019. Si wote waliokuwa rafiki zangu; wapo walimu niliofanya nao kazi karibu miaka mitatu tusivuke salamu, na kila Machi, mwaka wa masomo ulipoisha, kikundi chetu cha Jumamosi kilipoteza nusu ya watu wake. Wengi sijui waliko. Pa bado hunipigia simu Jumapili, saa kumi jioni kwetu, kwao ikiwa song thum, na swali lake la kwanza halijabadilika: "Umekula?"

Kwa hiyo leo nina ombi kwako msomaji. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya kufundisha Kichina tangu 2005, na siku hizi walimu wa Kichina wako katika miji yetu kadhaa. Yupo pengine mmoja mtaani kwenu, anayenunua sukuma wiki jioni akiwa peke yake, anaamkiwa na kila mtu wala hakaribishwi na mtu. Usingoje ajue Kiswahili. Mwonyeshe mbuzi yako ya nazi, umuulize kwao inaitwaje, umpishe akae.