Kimondo Si Shahidi

Usiku mmoja tulikuwa tumeketi barazani hapa Malindi baada ya sala ya Isha. Kikapita kimondo kikubwa upande wa bara, kikaangaza mtaa hata tukaonana nyuso, kisha kikazimika. Mmoja wetu alileta takbiri, mwingine akauliza: "Kimeangukia nyumba ya nani?" Neno hili la pili ndilo lililotushikisha kalamu.

Muulizaji hakutaka habari za mbingu. Alikuwa akitafuta mchawi. Wako wanaodhani kuwa moto ule huonyesha mlango wa mwenye kuroga, na hutafuta hoja katika aya zinazotaja kupigwa kwa mashetani. Ndugu zetu, aya hizo zawataja mashetani waibao habari za mbinguni. Hazikumtaja bibi kizee wa Ganze wala wa Magarini.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kwa Ibn Abbas, kuwa usiku mmoja ilirushwa nyota, na Mtume (S.A.W.) akawauliza masahaba walikuwa wakisemaje zama za Jahiliya. Wakajibu kuwa walidhani amezaliwa au amekufa mtu mkubwa. Akawabainishia kuwa nyota hairushwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake. Basi ikiwa haimtangazi mkubwa, itamshitaki vipi mnyonge?

Wataalamu nao watwambia kuwa ni jiwe litokalo angani, huwaka kwa mbio zake likutanapo na hewa. Tarehe 14 Agosti 1992 mawe ya namna hiyo yalianguka Mbale, Uganda. Kipande kidogo kikapiga majani ya mgomba, kikamwangukia kijana kichwani, asidhurike. Kijana yule alikuwa na kosa gani?

Jambo hili si mchezo. Katika Kilifi yetu wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kuokoa roho zao. Ushahidi juu yao ni mvi tu. Sharia humtaka mdai alete bayana, nasi twatosheka na mwanga wa kufumba na kufumbua!

Twakiri kuwa usiku ule tulinyamaza, kwa kuwa muulizaji alitushinda umri. Haya ile haikuwa adabu, ilikuwa woga. Leo twasema: uonapo kimondo, mtukuze Muumba wako, uihesabu nafsi yako, na kukicha mpitie jirani yako mzee umwamkie.

Wabillahi tawfiq.