Majibu ni ya Nani?

Likizo iliyopita nilizunguka Kisenyi na hojaji za utafiti wa uchumi. Mama mmoja auzaye unga karibu na mashine za kusaga mahindi aliniuliza, "Mwanangu, mwaka jana mlituuliza haya haya. Majibu mliyapeleka wapi?" Nilinyamaza.

Reinikka na Svensson waligundua kwamba kati ya 1991 na 1995 shule za msingi za Uganda zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali kwa wanafunzi. Baadaye serikali ikatangaza magazetini fedha zilizotumwa wilayani. Mzazi akaweza kuhoji. Wachumi wamebishana kuhusu mchango wa magazeti hayo. Mimi naona, hata yasingesaidia, wazazi walistahili kuambiwa. Nitarudi kwa yule mama, ingawa matokeo yenyewe bado sijapewa.