Saa Zisizo na Mwajiri

Mtoto wa ndugu yangu, ambaye riziki yake ni kuandika programu za kompyuta, alinyimwa ajira hivi karibuni na kampuni moja ya Nairobi kwa sababu ambayo hata leo siwezi kuitaja bila ya kifua kunijaa. Mitihani yote ya ufundi aliyopewa aliifaulu, na wasaili wake hawakulikana hilo. Walakini walipofungua ukurasa wake kwenye intaneti, pale ambapo watu wa fani yake huweka hadharani misimbo waliyoiandika kwa hiari yao, waliona hauna chochote cha usiku wala cha siku za mapumziko, wakamwuliza saa hizo huzitumiaje. Akajibu kwa ukweli kwamba hucheza bao, hujifunza kupiga udi, na hufuga njiwa nyumbani kwa mama yake, Mombasa. Jawabu walilompelekea baadaye lilisema kwamba walitafuta mtu mwenye mahaba zaidi na kazi yake.

Uraibu ni nini, hatuna haja ya kukesha tukibishana: ni shughuli mtu aifanyayo kwa ridhaa yake, nje ya kazi impayo posho. Linalonishughulisha ni kama saa ya mtu iliyo nje ya ajira yahitaji wakili, na ikiwa yahitaji, wakili huyo ana ruhusa ya kusema nini. Wapo wasemao kwamba mwajiri hamjui mgeni aliyesimama mlangoni pake, na hana budi kumpima kwa alama yoyote aionayo, wana haki. Wapo wasemao kwamba ufundi huu hubadilika upesi, na asiyejisomea huachwa nyuma. Nao wana haki, ingawa kujisomea ni jambo moja na kujianika ili uonekane wajisomea ni jambo jingine.

Walionichoma moyo ni wale waliokuja kumtetea. Nilipoisimulia kadhia hii barazani, bwana mmoja msomi, ambaye nia yake njema siitilii shaka, alisema kwamba kampuni ile imejidhulumu yenyewe, kwa kuwa bao hunoa akili, udi hutuliza fikira, njiwa hufundisha subira, na kijana mwenye hayo yote huandika programu bora kuliko asiye nayo. Waliokuwapo wote wakaafiki, na mimi peke yangu nikabaki na ghadhabu ambayo sikuweza kuieleza vema usiku ule.

Naieleza sasa. Mtetezi wa namna hii ameuchukua uraibu wa kijana akaupeleka mbele ya kadhi yule yule aliyemhukumu, na shitaka amelikubali tangu mwanzo, kwamba saa ya mtu haina thamani mpaka ilete faida kazini; anachobishania ni kiasi cha faida tu. Na tumwulize: je, ingethibitika kesho kwamba njiwa hawaongezi hata chembe moja ya ustadi katika uandishi wa programu, angewaondolea utetezi wake? Akisema ndiyo, hakumtetea kijana hata dakika moja, bali aliitetea mali ya kampuni. Akisema la, basi hoja yake ya faida haikuwa hoja, na ile ya kweli ameificha, nami natamani kuisikia.

Watetezi hawa humtaja sana Donald Knuth, mwanazuoni wa Marekani aliyetoa mwaka 1968 juzuu ya kwanza ya vitabu vyake juu ya sanaa ya kuandika programu, ambaye nyumbani kwake ana kinanda kikubwa cha mabomba, na ambaye utungo wake mrefu wa kinanda hicho ulipigwa kwa mara ya kwanza mjini Piteå, Uswidi, tarehe 10 Januari 2018, siku alipotimiza miaka 80. Tazameni, husema, muziki ulivyomzalia matunda! Lakini vitabu vile havijakamilika hadi leo, na juzuu ya nne bado inatoka kwa sehemu. Tukishika daftari la faida kwa insafu, tutalazimika kukiandikia kinanda deni, na hapo sijui watetezi watamtaja nani. Mimi nadhani mzee yule alipiga kinanda kwa kuwa alitaka kupiga kinanda.

Na bao! Mtu asemaye kwamba bao hunoa akili hajamtazama mchezaji. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwetu ni komwe, na mchezo huanza kwa namua, kila mchezaji akiwa na kete 22 za kuingiza moja moja. Kijana wetu anapochota kete za shimo, kidole gumba huziachia moja moja kutoka kiganjani bila ya yeye kuutazama mkono, kwani macho yake yamekwisha kutangulia kwenye shimo ambamo kete ya mwisho itaangukia: ikiangukia penye kete, huenda mkono ukaendelea na safari, na ikiangukia patupu, amelala, na zamu ni ya mwenziwe. Katika mwendo huo hapana nafasi ya jambo la pili. Aliyekuja kunoa akili yake kwa ajili ya Jumatatu amekuja na mgeni ambaye ubao hauna shimo lake.

Hata hivyo kuna pingamizi moja ambalo silipatii jawabu. Linus Torvalds alipoutangaza mwaka 1991 mfumo ambao leo unaendesha seva za dunia nzima, aliuita uraibu tu, na sina sababu ya kumkatalia. Basi wapo ambao saa zao za hiari kwa kweli ni programu, na wasaili wakiufungua ukurasa wa mtu kama huyo hawatamdhulumu chochote, au labda watamdhulumu zaidi ya wote, kwa kuwa tangu siku hiyo atajua kwamba anatazamwa.

Juzi kijana alinijia na shauri. “Ami,” akasema, “nataka kuandika programu ya kucheza bao, niiweke pale waione.” Ataiandika vizuri, na yamkini ataajiriwa, na nyumbani kwao wadogo zake wanangoja karo. Nilimwomba anipe muda, na bado ananingoja.