DHIKI YA MOYO NA MARADHI YA NGOZI

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake (s.a.w.), ndugu zetu Waislamu, twapenda kuwakumbusha jambo ambalo wengi wetu twalitenda na huku twadhani hatuna kosa.

Tulipozuru Bahati, kaskazini ya Nakuru, tulimkuta ndugu mmoja mwenye duka, asili yake pwani, viwiko na magoti yake yamejaa magamba. Alitueleza kuwa maradhi hayo yalikuwa madogo mpaka Januari 2008, fujo za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru na waliofukuzwa makwao wakajaa katika kiwanja cha maonyesho. Mali yake ilipotea, usingizi ukamruka, na magamba yakaenea. Lakini lililomwumiza zaidi ni kuwa msikitini watu walimwepuka safuni, na katika karamu hakuna aliyekaa naye sinia moja. Wengine walisema karogwa. Wengine, ni adhabu.

Huo ni ujinga mtupu. Maradhi hayo, ambayo matabibu huyaita soriasisi, hayaambukizi kwa mkono wala kwa chombo. Kinga ya mwili ndiyo ikosayo njia, na ngozi ambayo hujigeuza kwa muda wa kadiri ya mwezi ikajigeuza kwa siku chache. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya wa Dunia uliyatambua kuwa ni maradhi sugu yasiyoambukiza. Na hofu na huzuni zikidumu, huichochea ngozi ikazidi kuwaka. Ukurutu nao ni vivyo hivyo: mtu huwashwa, hujikuna, hukesha, na kukesha kukamzidishia dhiki.

Basi na tufikiri: amnyimaye nduguye mkono, je, hakumwongezea dhiki? Na dhiki si ndiyo izidishayo magamba? Sisi wenyewe, basi, tu sehemu ya maradhi yake.

Wala haitoshi kumwambia asubiri. Nabii Ayyub (a.s.) alisubiri, na huku akamwomba Mola wake, naye akaamrishwa apige mguu chini, yakapatikana maji baridi ya kuogea na kunywa. Subira haikukataza dawa. Pesa za hirizi na azipeleke kwa tabibu wa ngozi. Moshi pana chuo cha fani hiyo tangu 1992. Dawa zipo za kuyatuliza, ijapokuwa hazing'oi mzizi.

Nasi Ijumaa ijayo tusimame naye bega kwa bega, tumpe mkono, tule naye sinia moja. Hiyo nayo ni dawa, na haina bei.

Wabillahi tawfiq.