Nani Amchagulie Kijana Masomo Yake?

Mambo mengi ya mtu huamuliwa kabla hajajua kusema. Hakuchagua baba wala mama, hakuchagua kijiji wala lugha, wala hakuulizwa kama apenda kuzaliwa kando ya mto au juu ya mlima. Lakini yako mambo mengine yamngojayo mpaka akue, nayo hayawezi kuamuliwa vema pasipo yeye. Moja la mambo hayo ni kazi ya maisha yake. Kwa kijana aliyemaliza sekondari na kupata diploma ya Serikali, uchaguzi huo humfikia siku anapoulizwa katika chuo kikuu: “Wataka kuandikwa katika masomo gani?”

Labda msomaji wa kijijini atasema: “Habari hiyo ni ya watu wa mjini.” Sivyo. Katika kijiji wachache watakwenda chuo kikuu, lakini wengi watatoa samaki, mihogo na mbuzi ili mmoja aende. Tena kila atoaye ana neno lake juu ya masomo ya yule mmoja. Hivi yafaa watu wafikiri mapema: mwenye haki ya kuchagua ni nani?

Mfano wa kijana wa Luapula

Na afikiriwe kijana wa kijiji kimoja karibu na Kasenga, kando ya mto Luapula. Baba yake ni mvuvi. Mama yake hulima mihogo na kufuga mbuzi. Samaki wakavu wa mto ule hupelekwa Lubumbashi kuuzwa, na kwa fedha ya samaki hao kijana amesomeshwa mpaka mwisho wa sekondari. Sasa yatakiwa malipo ya chuo kikuu, na chumba mjini, na chakula, na vitabu. Baba peke yake hawezi. Mjomba, mwenye mashine ya kusaga unga, asema atalipa sehemu kubwa. Katika nchi ile mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo neno la mjomba lina uzito.

Lakini mjomba ataka kijana asome sheria. Wala hataki hivyo kwa majivuno tu, ili watu wamwite mpwa wake “Maître” kama wanavyowaita mawakili. Ukoo umo katika kesi ya shamba kwa miaka mingi. Kila mara wanapofika mahakamani husomewa karatasi wasizozifahamu, nao hurudi nyumbani bila kujua kama wameshinda au wameshindwa. Mjomba asema: “Mwanangu, tumechoka kusomewa na watu wengine. Twataka mmoja wetu ajue kuzisoma karatasi zile.”

Kijana naye ana neno lake. Alipokuwa na miaka 12, wakati wa mvua, mbuzi wa mama yake walianza kutoka makamasi na kuhara. Katika majuma mawili walikufa mbuzi 11, wakabaki wawili tu, wala hapakuwa na mtu wa kueleza sababu. Tangu siku zile kijana ameandika katika daftari habari za kila mbuzi anayeugua kijijini: alianzaje, alikula nini, alikufa siku ya ngapi. Ataka kusoma uganga wa wanyama, na Lubumbashi iko fakulte, yaani sehemu ya chuo, ifundishayo elimu hiyo. Katika sekondari alisoma biolojia na kemia, akapata alama nzuri. Bali insha ndefu za Kifaransa zilimshinda mara nyingi.

Rafiki yake ampa shauri la tatu: “Jiandikishe katika uganga wa wanyama, kisha mwambie mjomba kwamba wasoma sheria. Mjomba hafiki chuoni. Atajua siku utakapomaliza.”

Basi kijana afanye nini? Amtii mjomba? Ayafuate mapenzi yake waziwazi? Au ayafuate kwa siri?

Zamani na sasa

Wazee wa zamani hawakuwa na taabu hii. Kabla ya mwaka 1954 hapakuwa na chuo kikuu katika Kongo. Kwa kijana mwenye akili mlango mkuu wa masomo ya juu ulikuwa seminari kubwa. Mwaka 1954 Lovanium ilifunguliwa Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Mwaka 1956 kikafuata chuo kikuu cha Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Na mwaka 1963 kile cha Stanleyville, ambao leo ni Kisangani. Mwaka 1971 vyote vitatu viliunganishwa kuwa chuo kimoja cha Taifa, na masomo yakagawanywa kati ya miji: uganga Kinshasa, lugha na fasihi Lubumbashi, elimu ya malezi Kisangani. Siku zile kuchagua masomo kulikuwa pia kuchagua mji. Mwaka 1981 vilitengwa tena, kila kimoja kikajitegemea.

Katika masomo mengi, desturi ya muda mrefu ilikuwa miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ulianza utaratibu mpya: lisansi ya miaka 3, kisha masta ya miaka 2, kisha udaktari kwa atakaye kuendelea. Hata hivyo mlango wa kwanza ni ule ule. Aingiaye katika sheria hawezi kutokea katika uganga wa wanyama. Akitaka kugeuka, huanza tena, na fedha iliyotolewa na jamaa imepotea. Ndiyo maana uchaguzi wa siku moja huwa mzito hivi.

Fundisho la Thomas wa Aquino

Swali hili si la leo, wala si la Kongo tu. Karibu miaka 800 iliyopita lilizuka katika nyumba ya bwana mkubwa wa Roccasecca, katika nchi ya Italia. Mwanawe Thomas, aliyezaliwa karibu na mwaka 1225, alipelekwa angali mtoto katika monasteri ya Monte Cassino, kwani jamaa walitumaini kwamba siku moja atakuwa abati wake. Nacho ni cheo chenye mashamba, heshima na nguvu. Mwaka 1239 alikwenda katika mji wa Napoli, kusoma katika chuo kikuu kilichoanzishwa na Kaisari Frederick II mwaka 1224. Huko alijuana na watawa wa Mtakatifu Dominiko, waliokuwa maskini na wenye kupenda masomo, akachagua kuwa mmoja wao. Jamaa walikasirika. Mwaka 1244 ndugu zake walimkamata njiani, naye akazuiliwa nyumbani karibu mwaka mzima. Hakugeuka. Mwishowe waliacha aende, akasoma Paris na Köln, akawa mwalimu ambaye vitabu vyake vyasomwa hata leo.

Baadaye, alipoandika juu ya utii, Thomas alitenga mambo mawili. Katika malezi na katika shughuli za nyumba, mtoto apaswa kumtii baba yake. Lakini katika mambo kama kuoa au kutooa, mtoto hafungwi na amri ya mzazi. Kwani kwa maumbile ya mwili wanadamu wote ni sawa. Thomas hakuandika pale habari za kuchagua fakulte. Hata hivyo, atakayefikiri ataona kwamba sababu ile yafika mpaka hapa. Baba aweza kumwamuru mwanawe asukume mtumbwi leo, naye mtoto atii mara moja. Hawezi kumwamuru aupende mtumbwi miaka 40. Na kazi ya maisha yataka miaka hiyo yote, wala haifanywi vema na mtu aliyesukumwa tu.

Mabishano na majibu yake

Wengine husema: “Alipaye ndiye achaguaye.” Jibu: Fedha ni mali ya alipaye, naye ana haki juu yake. Aweza kusema, “Nitatoa kiasi hiki tu,” au, “Nitalipa miaka 3, kwani wadogo zako nao wangoja.” Aweza hata kukataa, wala haibi kitu cha mtu. Lakini akilipa, amelipia masomo, hakumnunua mwanafunzi. Deni lipo kweli, nalo hulipwa kwa shukrani, kwa bidii, na kwa kuwasaidia wadogo baadaye. Halilipwi kwa mtu kutoa akili yake rehani.

Wengine husema: “Mchagua jembe si mkulima; diploma ni diploma.” Jibu: Methali hiyo yamkemea mvivu atafutaye sababu ya kutolima. Haisemi kwamba shoka ni jembe. Kijana ashindwaye na insha ndefu atapata taabu katika sheria, iliyo kazi ya kusoma na kuandika mchana na usiku. Haja ya ukoo, hata ikiwa kubwa, haiwezi kumtia mtu uwezo asio nao.

Wengine husema: “Wazee wameona mengi.” Jibu: Ni kweli, na kijana asiyeuliza ni mjinga. Wazee wajua deni la nyumba, wajua njaa, tena wajua tabia ya mtoto kuliko yeye mwenyewe. Lakini pengine hawajui yanayofundishwa nyuma ya jina la fakulte, wala kazi anayoipata amalizaye. Katika miji mikubwa wako wenye diploma za heshima waendeshao pikipiki za abiria. Hiyo si aibu, kazi ni kazi; ila ni onyo kwa wale wachaguao jina tu. Basi na waulizwe waliokwisha kusoma: “Ulijifunza nini? Wafanya nini leo?”

Vijana nao husema: “Naipenda kazi hii, basi yatosha.” Jibu: Haitoshi. Wengi hupenda koti jeupe la mganga, lakini hawapendi usaha wala damu. Kupenda kazi hupimwa kwa kazi yenyewe. Daftari la kijana wa Luapula ni ushahidi, kwani alilijaza miaka mingi bila kuamriwa na mtu. Asiye na ushahidi kama huo ajichunguze kwanza: ni kazi aipendayo, au ni sifa?

Na yote yaliyosemwa juu ya mwana yamhusu binti vilevile. Katika nyumba nyingi, fedha ikipungua, binti huambiwa angoje, hata akiwa na akili kuliko kaka yake. Haki haina jinsia: akili aliyopewa binti yataka kutumiwa kama ya mwana.

Shauri baya kuliko yote

Limebaki shauri la rafiki, la kusoma kwa siri. Hilo laonekana jepesi, kwani laepusha ugomvi. Lakini ndilo baya kuliko yote matatu. Mjomba atoapo fedha kwa masomo ya sheria, naye kijana akaitumia kwa mengine, ameichukua kwa hila. Haidhuru kwamba masomo yale ni mema. Tena huumiza watu wengine: siku uongo utakapojulikana, mjomba hatamwamini hata mdogo wake wa kike, aliye darasani sasa akingoja zamu yake. Mlango aliouingia kwa uongo umefungwa nyuma yake, mbele ya uso wa dada yake.

Basi kijana ana haki ya kuchagua, lakini haki hiyo ina wajibu mbili: aseme kweli, na achukue mzigo wa neno lake. Mwenye kutaka haki bila mzigo hataki haki, ataka upendeleo.

Mwisho wa mfano

Na iwe kwamba kijana ameenda kwa mjomba jioni, pamoja na baba yake, mikono mitupu ila daftari. Ameamkia kwa heshima, amekaa chini, amesema yote: alama zake za Kifaransa, mbuzi 11, na shukrani zake. Amesema pia kwamba kesi ya shamba haiwezi kungoja miaka mitano. Wakili na atafutwe mjini sasa, naye atafanya kazi ili achangie malipo yake.

Mjomba hakufurahi. Alinyamaza muda mrefu, akayafungua majarida ya daftari, akaona jina la mbuzi wake mwenyewe aliyekufa mwaka juzi. Kisha alisema kwamba atalipa nusu ya aliyoahidi, si zaidi.

Nusu haikutosha. Kijana alivua samaki pamoja na baba yake mwaka mzima, akiwaona wenzake waliofaulu naye wakipanda magari ya Lubumbashi. Mwaka wa pili alikwenda. Kesi ya shamba bado haijaisha, na mjomba bado asema pengine kwamba sheria ingekuwa bora. Huenda ana haki. Hakuna ajuaye yote yatakayokuja. Lakini watu hawa wawili waweza kutazamana usoni, na dada mdogo bado ana mtu wa kumlipia.

Maswali ya kuulizana

1. Mlipaji ana haki gani juu ya fedha yake? Ni jambo gani asiloweza kulinunua kwa fedha hiyo?
2. Kwa nini haja ya ukoo peke yake haitoshi kumchagulia kijana masomo?
3. Mtu atajuaje kama aipenda kazi, au apenda sifa yake tu?
4. Shauri la kusoma kwa siri lamdhuru nani, mbali ya mjomba?
5. Katika kijiji chenu, binti mwenye akili husaidiwa kama mwana? Kama sivyo, ni kwa sababu gani?