Kwenda na Kurudi

Wako wanaoamini kuwa safari hupata thamani kwa shughuli inayofuatwa mwisho wa njia. Kwa kipimo hicho, abiria wa meli za tafrija katika mfereji wa Forth na Clyde, nchini Uskoti, walisafiri bure. Tangu mwaka 1893 hadi 1939 meli ndogo za moshi, zenye majina kama Fairy Queen na Gipsy Queen, ziliwachukua watu wa Glasgow kutoka Port Dundas hadi Craigmarloch mashambani. Walikunywa chai, wakatembea, wakarudishwa palepale walipotoka. Je, siku yao ilipotea?

Hakika mfereji haukuchimbwa kwa ajili yao. Kazi ilianza 1768 ikaisha 1790, ili shehena ivuke nchi kutoka bahari hata bahari. Mwaka 1803 William Symington aliukokotea majahazi mawili, ya tani 70 kila moja, kwa chombo chake cha moshi, Charlotte Dundas. Wenye mfereji hawakukitaka. Walihofia mawimbi yake yatabomoa kingo. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu, maana ukingo wa udongo huliwa na maji.

Mtetezi wa tafrija aghalabu husema kuwa mtu hupumzika ili kesho afanye kazi vema. Utetezi huu naukataa. Fundi huitia mashine mafuta kwa sababu hiyohiyo, wala haiulizi kama imefurahi. Mfanyakazi aliyeuza siku sita kwa saa ya kiwanda alikuwa na haki ya siku moja isiyodaiwa na yeyote, hata na kesho yake. (Asiye na nauli alibaki gatini, dhuluma hiyo haiifanyi furaha ya aliyepanda kuwa dhambi, bali yaonyesha kuwa furaha yenyewe ilikuwa haba.)

Mfereji ulifungwa mwaka 1963. Shehena ilikuwa imepungua mno, na barabara kuu mpya ingehitaji daraja la kufunguka, lenye gharama kubwa. Kwa hesabu ya daftari uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini alasiri za Craigmarloch zingeandikwa safu ipi?

Ulifunguliwa tena 2001. Mwaka uliofuata, huko Falkirk, likawekwa gurudumu kubwa linaloinua mashua yapata mita 24. Wageni hulipa nauli, hupandishwa, hutazama bonde, kisha hushushwa palepale walipopandia.