Shamba la Urithi

Mtu anayerithi shamba hurithi vitu viwili: ardhi na kazi. Ardhi huandikwa katika hati. Kazi haiandikwi popote. Wakazi wa Kitale hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa maneno mengi, kwa kuwa wanaishi katika nchi ya mahindi. Wamepata kuona mashamba mawili yaliyopakana, yenye udongo mmoja na mvua moja. Moja limesimamisha mahindi marefu kuliko mtu, na la pili limemezwa na magugu. Wenye mashamba hayo wote wawili wana hati. Wote wawili ni warithi halali. Lakini wakati wa mavuno ukifika, hati haijazi ghala.

Nataka kuutumia mfano huu kuuliza swali ambalo kijana Mkatoliki wa leo hawezi kulikwepa. Je, imani hurithiwa? Na kama hurithiwa, mrithi atajuaje kwamba imekuwa yake kweli, wala si mali ya wazazi wake aliyoiazima kwa muda?

Wengi wetu katika Bungoma na Kitale ni warithi. Wamisionari wa Mill Hill waliingia Magharibi ya Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, na wazee waliokubali ubatizo katika siku zile walichagua. Walikuwa na dini ya jadi iliyowatosha baba zao, na kuiacha kulikuwa na gharama yake katika ukoo na katika kijiji. Sisi tumezaliwa jambo likiwa limekwisha kuamuliwa. Jimbo la Bungoma lilianzishwa mwaka 1987, likamegwa kutoka Kakamega. Jimbo la Kitale likaanzishwa mwaka 1998, likamegwa kutoka Eldoret. Tuna parokia, shule na zahanati. Na tangu maaskofu wa Afrika Mashariki walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa kazi yao, sala imefika hata uani kwa jirani. Mtoto hubatizwa kabla hajajua kulitamka jina lake. Hupokea Komunyo ya Kwanza pamoja na wenzake wa rika, na Kipaimara siku askofu anapozuru. Yote hayo huyapata kwa jasho la wengine. Ni neema kubwa, na ni hatari vilevile, maana wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Cheti cha ubatizo ni hati. Ni kitu cha heshima na cha kutunzwa. Lakini kijana anayekionyesha cheti kila anapoulizwa habari za imani yake anafanana na yule mwenye shamba la magugu, ambaye wageni wakija huwatolea karatasi badala ya mahindi.

Sasa tuvuke mpaka wa Malaba twende Uganda, tukawatazame vijana ambao hawakurithi chochote. Mapadre Weupe waliwasili Buganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882, kwa sababu ya misukosuko ya utawala, walilazimika kuondoka, wala hawakurudi hadi katikati ya mwaka 1885. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi hapakuwa na padre, wala Misa, wala kengele ya kanisa. Mtu angetazamia kwamba imani ile changa ingekauka kama mche uliokosa mvua. Haikukauka. Vijana waliokuwa wakihudumu katika makao ya mfalme walifundishana wenyewe kwa wenyewe, wakasali pamoja, na mapadre waliporudi wakakuta waumini wengi kuliko waliowaacha.

Mmoja wa viongozi wao aliitwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Mwezi wa Oktoba 1885 Kabaka Mwanga aliamuru auawe James Hannington, askofu wa Kianglikana aliyekuwa akija Buganda kutoka upande wetu huu, baada ya kupita kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Mukasa alikuwa Mkatoliki, na aliyeuawa hakuwa wa kanisa lake. Katika siku zile watu wa makanisa hayo mawili walishindana vikali, na kama angenyamaza hakuna ambaye angemlaumu. Hakunyamaza. Alimkemea mfalme kwa kumwua mgeni bila kumsikiliza, tena akawa amewakinga vijana wadogo na tamaa mbaya za mfalme. Akauawa tarehe 15 Novemba 1885. Karoli Lwanga akashika nafasi yake, akabatiza wenzake kadhaa katika mkesha wa kuhukumiwa kwao, na miongoni mwao Kizito, ambaye inasemekana alikuwa na umri wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Mwaka 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu 22 wa kundi hilo, na hata leo mahujaji kutoka Kenya, wengine wakienda kwa miguu, huelekea Namugongo kila mwezi wa Juni.

Siwataji mashahidi hao ili kumtisha msomaji kwa moto. Hakuna anayetuwashia moto leo. Nawataja kwa sababu mbili. Kwanza, walibaki na imani siku ambayo hapakuwa na mtu wa kuwasimamia. Pili, mkuu wao alitetea haki ya mtu asiyekuwa wake. Mambo haya mawili ndiyo ninayoyaona kuwa alama za imani iliyolimwa: kwamba husimama pasipo msimamizi, na kwamba huvuka mpaka wa watu wetu. Sasa na tuzipime alama hizo katika maisha yetu.

Tuanze na chumba cha mtihani. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2015 yalipotolewa, watahiniwa zaidi ya 5,000 walifutiwa matokeo yao kwa ajili ya udanganyifu. Sheria na ulinzi vimeongezwa tangu hapo, lakini kishawishi hakijahama. Chukua mfano wa mwanafunzi ambaye mama yake ameuza ng'ombe wa maziwa ili kumlipia karo. Usiku wa kuamkia mtihani wenzake wanazunguka simu moja iliyofichwa bwenini, wanasoma kinachosemekana kuwa karatasi ya kesho. Ni wenzake haohao aliosali nao rozari jioni. Wanamwita. Afanye nini?

Hoja ya kwamba kila mtu anafanya hivyo ni dhaifu, na yeye mwenyewe anajua. Hoja iliyo nzito ni ile ya mama. “Nikianguka,” anasema moyoni, “nitakuwa nimemwadhibu mama yangu kwa ajili ya usafi wangu mwenyewe.” Tusiidharau hoja hii, maana ina upendo ndani yake. Lakini tuitazame mpaka mwisho. Nafasi za chuo zina hesabu. Alama ya wizi humsukuma nje mtoto mwingine, na yule naye ana mama, na huenda mama yule naye ameuza ng'ombe. Upendo unaomwona mama mmoja na kumfumbia macho wa pili haujavuka mpaka bado.

Wala sitamdanganya msomaji kwamba atakayekataa atalipwa kwa alama nzuri. Yamkini atapata alama ya chini kuliko wale walioiba, na yamkini atawaona wakienda chuo kikuu huku yeye akitafuta kibarua mjini Kitale. Tukimwahidi faida kwa kila tendo jema tunamfundisha biashara, si imani. Hata hivyo liko jambo moja ambalo usiku ule umempa, na ambalo hakuna aliyeweza kumpa kabla ya hapo. Anajua sasa kwamba imani ni yake. Hapakuwa na padre bwenini, wala mzazi, wala msimamizi. Alikuwapo yeye na Mungu wake, naye akachagua.

Mwaka uleule wa 2015, tarehe 27 Novemba, marehemu Papa Fransisko alizungumza na vijana katika uwanja wa Kasarani, Nairobi. Aliufananisha ufisadi na sukari: ni mtamu, ni rahisi kuupenda, na mwisho wake huharibu mwili mzima wa nchi. Kisha akawaomba vijana wasimame washikane mikono, iwe ishara ya kuukataa ukabila. Uwanja mzima ukasimama. Kushikana mikono katika uwanja uliojaa furaha si kazi ngumu. Kazi ngumu huja baadaye, nyumbani.

Sisi wa pande hizi tunaijua kazi hiyo. Katika Trans Nzoia wanaishi Wabukusu, Wasabaoti, Wakikuyu, Waturkana, Wapokoti, Wanandi na wengine wengi, nyumba kwa nyumba, katika mashamba ambayo zamani yalikuwa ya walowezi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, na wengi wa majirani zetu walifukuzwa makwao wakalala katika hema. Katika Mlima Elgon, kati ya mwaka 2006 na 2008, ugomvi wa ardhi uliwatia vijana bunduki mikononi, na vijiji vizima vikajua kilio. Hatuwezi kudai kwamba waliochoma nyumba za jirani zao wote walikuwa watu wasioisikia Injili. Nchi hii imejaa makanisa. Imani ilikuwapo, lakini kwa wengi ilikuwa ya hati tu. Ilipopimwa na kabila, kabila likawa zito zaidi. Hapo ndipo Mukasa anapotuuliza swali lake: ulisema nini walipomtenda hivyo mtu asiyekuwa wako?

Kijana hana uwezo wa kuzuia vita. Ana uwezo wa kutocheka mzaha unaomdhalilisha mwenzake kwa kabila lake. Ana uwezo wa kutousambaza kwa simu ujumbe wa chuki, hata kama umetumwa na mjomba wake. Mambo haya ni madogo, lakini moto ule haukuanza kwa bunduki. Ulianza kwa maneno yaliyozoeleka.

Yupo atakayeuliza: Je, ni lazima kijana aache mila zake ili awe Mkristo mwema? La. Kila mwezi wa Agosti wa mwaka wa shufwa, mvulana wa Kibukusu hupakwa tope mtoni alfajiri, akaletwa uani kwa baba yake, akasimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Ujasiri ule ni kitu chema, na imani haina haja ya kuufuta. Inachokataa ni ulevi na nyimbo za matusi zinazoandamana na shughuli hiyo mahali pengine. Na wazee wenye busara nao hawazifurahii. Lakini imani humwambia kijana neno la ziada. Kisu ni cha dakika moja, tena ukoo mzima unatazama. Upo ujasiri mwingine usio na mtazamaji: wa mvulana anayekataa wizi bwenini, na wa msichana anayekataa fedha na zawadi za mtu mzima anayetaka kumnunua, ijapokuwa hana nauli ya kurudi shuleni. Ujasiri huo haupigiwi ngoma. Pengine ndio mgumu zaidi.

Limebaki shaka moja, nalo ni la haki. Ikiwa wema ndio kipimo, Misa ni ya nini? Tunawafahamu watu waaminifu wasioingia kanisani, na tunawafahamu wezi wanaokaa benchi la mbele. Ni kweli. Nami najibu kwa mfano wangu uleule. Mkulima hulima, hupanda na hupalilia, lakini hawezi kuitengeneza mvua. Mwenye imani anakiri kwamba nguvu zake hazitoshi. Huenda Misani kama mtu anayengoja mvua, na huenda Kitubio kama mtu aliyekiri kwamba magugu yameota tena. Kwa maana yataota. Yule aliyeshinda usiku wa leo anaweza kushindwa usiku wa kesho. Shamba halipaliliwi mara moja likaisha, na mwenye shamba hapaswi kulihama kwa sababu ya msimu mmoja mbaya. Mwizi wa benchi la mbele hathibitishi kwamba mvua ni bure. Anathibitisha kwamba mvua hunyesha hata juu ya shamba lisilolimwa.

Basi, ewe kijana, usimwonee haya mzazi aliyekupeleka ubatizoni, wala usitosheke na kwamba alikupeleka. Alikupa ardhi, hakuweza kukulimia. Siku moja, pengine bwenini usiku, pengine mbele ya jirani wa kabila lingine anayefukuzwa, utajikuta peke yako na jembe mkononi. Siku hiyo hapana atakayekuuliza cheti. Litaulizwa shamba, nalo litajibu kwa kile ulichopanda.